Luga ya Rust: juu ya nini mafundi wake wanabishana, na inamuhusu nini mwenye telefone

Kila jioni, watu wengi wa Bukavu, Bunia, Butembo ao Kalemie wanatuma na kupokea pesa kwa telefone. Mutu anaandika kode ya siri, anangoja ujumbe, kisha anaenda kulala. Hajiulizi telefone yake iliandikwa kwa luga gani. Yeye anajua Kiswahili, Kifaransa, labda na Kilingala, na hiyo inamutosha.

Lakini telefone nayo iko na luga zake. Programu zote zilizo ndani yake ziliandikwa na watu, mustari kwa mustari, kwa luga ambazo watu walitunga. Na namna luga ile ilivyotungwa inaweza kuamua kama mwizi aliye mbali ataweza kuingia ndani ya telefone ao atakuta mulango umefungwa.

Moja kati ya luga hizo inaitwa Rust. Iko na umri wa miaka karibu 20, na tayari inafanya kazi ndani ya Android, mufumo wa telefone nyingi zinazouzwa masokoni. Watu wanaoitengeneza wako katika inchi nyingi. Kati yao kuna wanaolipwa na makampuni, na wengine wanajitolea bila kulipwa kitu. Wote wanajulikana kwa jambo moja: wanabishana. Wanaweza kubishana mwaka muzima juu ya neno moja. Mutu wa nje anaweza kufikiri kwamba wanapoteza wakati, lakini nyuma ya kila mabishano kuna ulizo moja lenye uzito: kama programu iko na hatari ndani yake, ni nani abebe muzigo, fundi anayeiandika ao mwenye telefone?

Ilianza kwa asansere iliyobloke

Katika mwaka wa 2006, fundi mumoja wa programu anayeitwa Graydon Hoare alikuwa anaishi Vancouver, katika inchi ya Kanada. Nyumba yake ilikuwa kwenye etaje ya 21. Siku moja alirudi nyumbani, akakuta asansere haifanye kazi. Programu inayoiongoza ilikuwa imeanguka, na haikuwa mara ya kwanza. Hoare akapanda ngazi kwa miguu.

Akiwa anapanda, akawa anafikiria: inakuwa namna gani watu wenye akili hawawezi hata kutengeneza asansere isiyobloke? Alijua jibu. Programu za vyombo kama vile huandikwa mara nyingi kwa luga ya C ao C++. C ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Dennis Ritchie, katika maabara ya Bell huko Marekani. Ni luga yenye mbio na haipoteze nafasi. Lakini inamwachia fundi kila kitu: akisahau kidogo tu, programu inaanguka ao inafungua njia ya wezi.

Hoare akafungua ordinatere yake, akaanza kutunga luga mupya. Aliiita Rust. Kwa Kingereza jina lile linaweza kumaanisha kutu ya chuma, lakini yeye alisema alifikiria zaidi jamii ya kuvu inayoshambulia mimea, ambayo ni vigumu sana kuimaliza. Walimaji wa kahawa wa Kivu wanajua ndugu mumoja wa jamii ile: ule ugonjwa unaotia majani ya kahawa madoa ya rangi ya machungwa. Hoare alitaka luga yenye kustahimili hivyo.

Mwanzoni ilikuwa kazi yake ya binafsi. Katika mwaka wa 2009, Mozilla, shirika linalotengeneza programu ya Firefox ya kutembelea enternete, liliamua kuisaidia kazi ile.

Kosa la memuari ni nini?

Kila programu inapofanya kazi, inalomba nafasi ndani ya memuari: hapa pa kuweka jina la mutu, pale pa kuweka hesabu, pale pengine pa kuweka picha. Ikimaliza, inarudisha nafasi ile kusudi itumiwe na kazi ingine.

Mutu anaweza kuifikiria kama kazi ya kupangisha nyumba. Mupangaji ametoka, lakini amebaki na ufunguo. Mwenye nyumba anaingiza mupangaji mwingine. Usiku, yule wa kwanza anarudi, anafungua mulango, anakaa kwenye kitanda cha mwenzake. Katika programu, hilo ni moja kati ya makosa mabaya zaidi: kutumia nafasi ambayo umekwisha kuirudisha. Kuna kosa lingine linalofanana na kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Kila mutu anajenga, kila mutu anasema ni kwake, na mwisho ukuta wa mumoja unabomoa wa mwenzake.

Kuna tena kosa la kusoma kupita mupaka. Katika mwezi wa 4, 2014, dunia ilijifunza jambo hilo kwa shida iliyoitwa Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu iliyoandikwa kwa C, ambayo inalinda siri za mawasiliano kwenye enternete. Ordinatere moja iliweza kumwambia mwenzake: "Nirudishie neno hili, liko na herufi elfu makumi", hata kama neno lenyewe lilikuwa fupi sana. Yule mwenzake hakuhesabu. Alirudisha neno, na kisha akaendelea kutoa vyote vilivyokuwa pembeni katika memuari, hadi kufikia kilobaiti 64 kwa mara moja. Katika vile vilivyokuwa pembeni kulikuwa na kode za siri za watu. Ilikosekana tu hesabu moja ndogo ya kuangalia urefu.

Makosa ya namna hiyo ni mengi. Katika mwaka wa 2019, mafundi wa usalama wa Microsoft walieleza kwamba asilimia karibu 70 ya mashimo ya usalama ambayo kampuni yao inaziba kila mwaka yanatokana na makosa ya memuari. Mafundi wa Chrome, programu ya Google, nao walipata hesabu inayokaribia ileile.

Luga zingine, kama vile Java, zilipata dawa: ziliweka mufagiaji. Fundi hajisumbue kurudisha nafasi, mufagiaji anapita mara kwa mara, anaangalia vitu visivyotumiwa tena, anavikusanya. Ni dawa nzuri kwa programu nyingi. Lakini mufagiaji anakula memuari, na wakati mwingine anasimamisha kazi kidogo wakati anafagia. Kwa programu inayoongoza breki za gari ao moyo wa telefone, haifai.

Rust ilitafuta njia ya tatu.

Kanuni ya daftari la AVEC

Watu walio katika vikundi vya kuweka na kukopeshana pesa, vile vinavyoitwa AVEC, wataelewa kanuni ya Rust kwa haraka. Kikundi kiko na daftari moja la hesabu. Watu watano wanaweza kulizunguka na kulisoma pamoja, hakuna ubaya. Lakini wakati mwandishi anaandika, wengine wote wanaondoa mikono. Kama wawili wanaandika mara moja, ao mumoja anasoma wakati mwenzake anafuta, hesabu itaharibika na kikundi kitagombana.

Rust inasema hivyohivyo juu ya kila kitu kilicho ndani ya memuari. Kitu kinakuwa na mwenyewe mumoja tu. Mwenyewe anaweza kukiazimisha. Anaweza kuazimisha wasomaji wengi, ao mwandishi mumoja, lakini si vyote viwili kwa wakati mumoja. Na wakati mwenyewe anaondoka, kitu kinarudishwa palepale, bila mufagiaji. Hakuna mutu atakayebaki na ufunguo wa nyumba aliyokwisha kutoka.

Ni nani anayehakikisha kwamba kanuni inafuatwa? Ni kompilatere. Hiyo ni programu inayochukua maneno yaliyoandikwa na fundi na kuyageuza kuwa namba ambazo mashine inaelewa. Katika Rust, kompilatere iko na mukaguzi ndani yake. Mukaguzi akiona kwamba kitu kinasomwa wakati kingine kinakiandika, anakataa. Programu haizaliwi. Fundi anapaswa kurudi na kutengeneza.

Njo maana wengi wanaoanza Rust wanalalamika. Wanasema wanapigana na mukaguzi siku nzima. Lakini kosa ambalo lingemwangukia mwenye telefone saa nane za usiku linamwangukia fundi saa nne za asubuhi, akiwa mezani pake, na jina la mustari wenye kosa mbele yake. Muzigo umehamia kwa mwenye uwezo wa kuubeba.

Hata hivyo, Rust haifungi mulango kabisa. Kuna kazi ambazo mukaguzi hawezi kuzielewa, kama kuzungumuza moja kwa moja na chombo cha chuma. Pale fundi anaweza kuandika neno la kuonya kwamba sehemu hii si salama na kwamba anaibeba yeye mwenyewe. Makosa bado yanaweza kuingia kupitia mulango ule. Lakini uko na alama, na anayetafuta kosa anajua pa kuanzia.

Kompilatere inayozaliwa na kompilatere

Kompilatere ya kwanza ya Rust, Hoare aliiandika kwa luga ingine inayoitwa OCaml. Katika mwaka wa 2011, kompilatere mupya iliyoandikwa kwa Rust yenyewe ikaweza kujigeuza yenyewe. Tangu pale, kila toleo linatengenezwa kwa kutumia toleo la mbele yake. Ni kama mulimaji wa maharagi: mbegu za musimu huu zinatoka katika mavuno ya musimu uliopita.

Kazi ya ndani inapita hatua kwa hatua. Kompilatere inasoma maneno, inaangalia kama kila kitu ni cha aina yake, inayageuza kuwa maandishi mafupi ya katikati, mukaguzi anayapima, na mwisho inayapatia LLVM, programu nyingine inayotoa namba za mashine. LLVM inatumiwa na luga nyingi, na ilianzia katika chuo kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka wa 2000. Kwa kuitumia, watu wa Rust hawakulazimika kuandika upya kazi ya kila aina ya mashine.

Yale maandishi ya katikati yaliletwa ndani ya kompilatere karibu na mwaka wa 2016, na historia yake inaonyesha namna mabishano yanageuka kuwa kazi. Mukaguzi wa kwanza alikuwa mukali kupita kiasi. Katika mufano wa daftari, alihesabu kwamba mutu aliyeliazima analishika mupaka mwisho wa mukutano, hata kama alimaliza kusoma zamani na amekaa tu. Hivi, mwandishi alikatazwa kuandika bila sababu. Mafundi walikuwa wanakataliwa programu ambazo hazikuwa na kosa.

Wengine walisema: mukaguzi asilegezwe, ukali wake ndio usalama. Wengine wakasema: mukaguzi anayekataa mutu asiye na kosa anafundisha watu kumudharau na kutafuta njia za kumuzunguka. Jibu lililopatikana halikuwa kulegeza kanuni. Lilikuwa kumupatia mukaguzi macho mazuri zaidi. Kwanza ilibidi kutengeneza yale maandishi ya katikati, kisha kuandika mukaguzi mupya juu yake, ambaye anajua kwamba kuazima kunaisha mutu anaposoma kwa mara ya mwisho. Mukaguzi yule alifika katika toleo la mwezi wa 12, 2018. Ilikuwa kazi ya miaka, na mwenye kutumia luga aliona tu kwamba siku moja malalamiko yake yalipungua.

Hata maneno ya kukataa yalibishaniwa. Katika mwaka wa 2016, ujumbe wa makosa uliandikwa upya: kompilatere ilianza kuonyesha mustari wenye kosa, kuweka alama chini yake, kueleza kwa nini, na mara nyingi kupendekeza la kufanya. Walikubaliana kwamba mukaguzi mukali anapaswa pia kuwa mwalimu muzuri.

Kuna deni ambalo halijalipwa kabisa. Kukagua na kugeuza maneno kunachukua wakati. Katika programu kubwa, fundi anaweza kungoja dakika nyingi kabla ya kuona kazi yake inafanya kazi. Mwenye ordinatere ya zamani ao umeme wa kukatikakatika analisikia zaidi. Kila mwaka watu wa kompilatere wanapunguza kidogo, na kila mwaka malalamiko yanarudi.

Nani anaamua?

Mwanzoni, Hoare aliamua mambo mengi yeye mwenyewe. Katika mwaka wa 2013 aliacha uongozi. Kuanzia mwezi wa 3, 2014, kulikuwa na utaratibu wa wazi: mutu yeyote anayetaka kubadilisha jambo kubwa anaandika pendekezo. Anaeleza shida ni ipi, dawa ni ipi, dawa ile iko na ubaya gani, na njia zingine ni zipi. Kisha watu wanalijadili mbele ya wote. Timu inayohusika inapoona kwamba maneno yameanza kurudiarudia, inatangaza siku 10 za mwisho za kusikiliza, kisha inaamua. Sababu za kukubali ao kukataa zinabaki zimeandikwa.

Watu wa Kivu na Ituri wanajua barza: kila mutu anasema, wazee wanasikiliza, na mwisho neno moja linatoka. Utaratibu wa Rust unafanana kidogo na huo, lakini kuna tofauti: mutu hapimwi kwa umri wake. Pendekezo la mwanafunzi linaweza kupita la mukubwa wa kampuni. Lakini kizuizi kingine kipo: mabishano yote makubwa ni kwa Kingereza, na yanadai enternete na wakati mwingi.

Uamuzi mumoja wa nyakati zile ulikuwa mugumu sana. Rust ya kwanza ilikuwa na mufagiaji wake kwa sehemu fulani, na pia musaidizi wa siri aliyegawa kazi ndogondogo ndani ya programu. Vitu vile vilipendwa na wengi. Lakini mutu akitaka kuandika moyo wa mashine, pale hakuna musaidizi: yeye ndiye wa kwanza kuamuka. Mafundi wakabishana, na mwishoni mwa mwaka wa 2014 vyote viwili vilikuwa vimeondolewa. Katika mwaka wa 2023, Hoare aliandika wazi kwamba Rust ya leo si ile aliyoitaka, na kwamba ile aliyoitaka isingefika mbali. Si waanzilishi wengi wanaokubali kusema hivyo.

Neno moja lenye kuleta mamia ya maoni

Mabishano yaliyojulikana zaidi yalihusu kungoja. Programu ikilomba kitu kwenye enternete, inapaswa kungoja jibu. Badala ya kukaa bure, inaweza kufanya kazi ingine, kisha irudi. Luga nyingi ziko na neno la kusema "ngoja hapa". Katika JavaScript na C#, neno lile linawekwa mbele ya kazi.

Katika Rust kulikuwa na shida. Tayari kulikuwa na alama ndogo, ile ya kuuliza, inayowekwa nyuma ya kazi kusema: "kama kuna kosa, simama na urudi". Kama neno la kungoja liko mbele na alama ya kosa iko nyuma, musomaji hajui ni lipi linafanywa kwanza. Itabidi kuweka mabano kila fasi. Wengine wakapendekeza neno la kungoja liwekwe nyuma, kisha ya nukta, kusudi mambo yasomwe kwa mufuatano: fanya, ngoja, angalia kosa.

Waliokataa walikuwa na sababu. Walisema nukta katika Rust tayari iko na maana ingine, na mwanafunzi atachanganyikiwa. Walisema dunia nzima imezoea neno likiwa mbele. Mabishano yaliendelea kati ya 2018 na 2019, na maoni yakafika mamia. Katika mwezi wa 5, 2019, timu ya luga ilichagua nukta na neno nyuma. Toleo lenye neno lile lilitoka tarehe 7 mwezi wa 11, 2019.

Si wote walifurahi. Lakini timu ilikuwa imejibu kila sababu kwa maandishi, na ilikubali kwamba kila njia iko na ubaya wake. Wengi waliopinga waliendelea kufanya kazi.

Ahadi ya kutovunja kazi ya wengine

Tarehe 15 mwezi wa 5, 2015, Rust 1.0 ilitoka pamoja na ahadi: programu inayokubaliwa leo itakubaliwa na matoleo yatakayokuja. Toleo jipya linatoka kila juma 6, lakini mutu asiogope kwamba kazi yake ya jana itakataliwa.

Ahadi ile inafunga mikono. Kama kosa la kupanga liliingia, utalirekebisha namna gani? Dawa yao inaitwa edisheni. Kuna ya 2015, ya 2018, ya 2021 na ya 2024. Kila programu inatangaza iko katika edisheni gani, na kompilatere moja inazielewa zote. Neno jipya linaweza kuletwa katika edisheni mupya bila kuvunja programu ya zamani, na programu za edisheni mbalimbali zinaweza kufanya kazi pamoja. Ni kama sokoni, pale mutu analipa kwa noti za zamani na mwingine kwa mupya, na muuzaji anapokea zote.

Tena kuna chombo kinachoitwa Crater. Mbele ya kukubali badiliko lenye hatari, Crater inachukua maelfu ya programu ambazo watu wa dunia wameweka wazi, inazijaribu kwa kompilatere ya zamani na kwa ile mupya, kisha inaonyesha zile zilizovunjika. Kwa hiyo mutu hawezi kusema tu "nafikiri haitaleta shida". Anaonyeshwa shida zenyewe, kwa majina yake.

Wakati wenye kuamua waliulizwa

Utaratibu muzuri haukuzuia watu kugombana. Katika mwezi wa 8, 2020, Mozilla iliachisha kazi watu karibu 250, na kati yao walikuwemo waliofanya kazi ya Rust. Wengi wakaogopa kwamba luga itakufa pamoja na mishahara ile. Tarehe 8 mwezi wa 2, 2021, shirika lisilo la faida likatangazwa, Rust Foundation, likiungwa mukono na Amazon, Google, Huawei, Microsoft na Mozilla. Linashika pesa na jina, lakini haliamui luga iwe namna gani.

Mwaka uleule, tarehe 22 mwezi wa 11, timu yote iliyolinda nizamu katika mazungumuzo ilijiuzulu pamoja. Walisema timu iliyokuwa juu ya zote haikuwa na mutu wa kuiuliza, na kwa hiyo kanuni haikuweza kufuatwa kwa wote sawasawa. Mukaguzi wa programu alikuwepo, lakini hapakuwa na mukaguzi wa wakubwa. Mazungumuzo yalichukua zaidi ya mwaka mumoja. Katika mwaka wa 2023, timu ile iliondolewa, na baraza la viongozi likaanza: kila timu kubwa inatuma mujumbe wake, na kuna kikomo cha wajumbe wanaoweza kutoka katika kampuni moja.

Kufika ndani ya Linux

Moyo wa Android ni Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finlandi aliianza mwaka wa 1991, kwa luga ya C. Katika mwezi wa 12, 2022, toleo la 6.1 la Linux lilipokea Rust kwa mara ya kwanza.

Pale mabishano yakawa makali. Wazee wa C waliuliza: tukibadilisha kitu upande wetu, na kazi ya Rust inakitegemea, ni nani atatengeneza? Si ulizo la ujinga. Watu wale wamelinda Linux kwa miaka mingi na wako na kazi nyingi tayari. Katika mwezi wa 8, 2024, mumoja wa walioongoza kazi ya Rust aliacha, akisema amechoka na magomvi ambayo si ya ufundi. Mwanzoni mwa 2025, Torvalds alitoa neno: mwenye kulinda sehemu yake kwa C halazimishwi kugusa Rust, lakini hawezi kumukataza mwingine kutumia sehemu ile kutoka upande wa Rust.

Matunda ni nini?

Google ilianza kukubali Rust katika kazi ya Android mwaka wa 2021. Haikuandika upya programu zote za zamani. Iliamua tu kwamba kazi mupya, pale inawezekana, iandikwe kwa luga zenye usalama wa memuari, na Rust ni moja yao. Mwaka wa 2019, asilimia 76 ya mashimo ya usalama ya Android yalitokana na memuari. Mwaka wa 2024 ilikuwa asilimia 24.

Hesabu ile haimaanishe kwamba pesa za kila mutu ziko salama. Rust haiwezi kumuzuia mutu kutoa kode yake ya siri kwa mwongo anayepiga simu na kujifanya mufanyakazi wa kampuni. Na telefone ya zamani isiyopokea matoleo mapya inabaki na mashimo yake ya zamani. Mwenye telefone anapoona ujumbe wa kumwambia kwamba toleo jipya limefika, na bando inamuruhusu, ni vizuri alikubali: mara nyingi ndani yake kuna mashimo yaliyozibwa.

Kwa vijana wanaojifunza ufundi wa programu huko Goma, Kisangani ao Lubumbashi, Rust inapatikana bure, pamoja na kompilatere yake, kitabu chake cha kufundishia na maandishi yote ya mabishano yake. Atakayeianza ajue kwamba siku za kwanza mukaguzi atamukataa mara nyingi. Asikasirike. Kila kosa analokataliwa mezani ni kosa moja ambalo halitamufikia mama anayengoja ujumbe wa pesa kwenye telefone yake.